Mwalimu Aende! Kisha Aje Nani?

Mimi si bingwa wa kabumbu. Ujanani mwangu, huko Mombasa, niliwekwa fulbeki kwa sababu moja tu: sikuwa na mbio, na wenzangu hawakuwa na moyo wa kunifukuza. Kazi yangu ni kalamu na beti. Walakini masikio ninayo, na mwezi wa Agosti mwaka 2025 yalisikia maneno mjini Nairobi ambayo hayajanitoka mpaka hii leo.

Nilikuwa nimepanda bara kwa shughuli ya arusi. Ijumaa ya tarehe 22, Harambee Stars walitolewa na Madagascar uwanjani Kasarani katika robo fainali ya CHAN, lile kombe la wachezaji wa ligi za nyumbani. Mchezo uliisha bao 1 kwa 1, na penalti zikatuumbua. Kesho yake niliswali adhuhuri Msikiti wa Jamia, kisha nikaifuata njia mpaka bustani ya Jeevanjee, ambayo wasemaji wa mjini wameigeuza baraza. Hapo husemwa siasa, bei ya unga na mambo ya ndoa. Siku hiyo yote yaliwekwa kando. Ulikuwa mpira mtupu.

Mashtaka yalikuwa haya: mstari wa mbele ni butu. Na kwa hesabu, mshitaki alikuwa na haja ya kusema. Stars walicheza mechi 5 katika mashindano yale. Kongo 1-0, Angola 1-1, Morocco 1-0, Zambia 1-0, Madagascar 1-1. Bao moja kila siku, kama dozi ya daktari. Tena mwalimu wao, Benni McCarthy wa Afrika Kusini (vijana husema kocha, mimi niacheni na neno langu), ni mtu aliyeifungia nchi yake mabao 31, akatwaa kombe la mabingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004, akawafundisha washambuliaji wa Manchester United. "Ikiwa mshona viatu mwenyewe ndiye huyu," akauliza kijana mmoja, "mbona sisi twatembea pekupeku?" Watu wakacheka. Mwingine akasimama juu ya benchi akapaza sauti: "Mwalimu aende!" Kundi likaitikia.

Nikajiuliza, huyu amekuja Machi, na sasa ni Agosti. Miezi mitano! Mtoto wa miezi mitano hatumdai atembee.

Jioni mwenyeji wangu akanichukua kwenda kwake Kangemi. Asiyeujua mji ule na ajue kwamba ukishapita Westlands na majumba yake ya vioo, Barabara ya Waiyaki hukutelemsha ghafula kwenye mabati, vibanda vya mboga na watu tele. Kangemi na jirani yake Kawangware ndiko walikojaa ndugu zetu waliotoka Magharibi ya Kenya, na kwa hiyo ndiyo ngome ya AFC Leopards, Ingwe, chui wa Waluhya. Timu iliundwa mwaka 1964. Kwanza ilibeba jina la Abaluhya, na mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila, ikawa Leopards. Huko jezi ya samawati na nyeupe huvaliwa hata dukani na hata kanisani, nami niliiona moja ndani ya msikiti.

Sisi wa pwani tusiitazame timu hii kama ya watu wengine. Mlinda lango wake wa miaka ile ya neema alikuwa Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa.

Kwenye kibanda cha chai, karibu na steji, mjadala wa Jeevanjee niliukuta umetangulia kufika, lakini hapa ulikuwa na kidonda cha zamani. Kombe la ligi Leopards walilishika mara ya mwisho mwaka 1998. Hebu fikiri: kijana aliyezaliwa mwaka ule ana ndevu sasa, na hajaiona furaha ile. Msimu wa 2024/25 kombe lilikwenda kwa timu ya Polisi. "Namba tisa wetu," akaniambia mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, "akipewa mpira mbele ya lango hutetemeka kama mwizi." Mwingine akasema kosa si la namba tisa, ni la mwalimu anayemwacha peke yake huko mbele kama mjane. Wa tatu akasema mawinga hawajui kutia krosi. Na wote watatu, wakiwa hawapatani kwa lolote, wakapatana kwa moja: mwalimu aende.

Hapo nikaomba ruhusa niulize, kwa kuwa mgeni hachelewi kusamehewa. Je, wamekwenda wangapi?

Mzee wa reli akaanza kuhesabu kwa vidole, na wenzake wakimkumbusha. Kuanzia 2016: Ivan Minnaert, Mbelgiji. Stewart Hall, Mwingereza, yule aliyekuwa Azam ya Dar es Salaam. Dorian Marin kutoka Romania. Robert Matano, Mkenya mwenzetu. Rodolfo Zapata, Muargentina. Marko Vasiljević, Mserbia. Casa Mbungo wa Rwanda. Tomáš Trucha, Mcheki. Mwaka 2021 akaingia Patrick Aussems, Mbelgiji tena, aliyekuwa amewapa Simba ubingwa wa Tanzania msimu wa 2018/19. Vidole vilimfikia cha tisa, na hapo hatukuwatia waliokaimu. Walimu tisa, miaka sita! Kundi likanyamaza kidogo. Nadhani walikuwa hawajapata kuwapanga namna hiyo mstari mmoja.

Na katika hao tisa, mtazame Matano. Oktoba 2017 aliwapa Leopards kombe la Shield kwa kuwafunga Kariobangi Sharks 2-0. Mwaka uliofuata wakaachana. Akaenda Tusker, akawapa ubingwa wa ligi 2020/21, akarudia 2021/22. Ni Matano yuleyule. Tofauti ni kuwa kule alipewa nafasi akafundisha mpaka mwisho wa somo.

Waliosoma chuoni watanifahamu upesi. Nilipokuwa na umri wa miaka saba mwalimu wetu alishikwa na maradhi, na katika mwaka mmoja tukaletewa walimu watatu. Kila aliyekuja alisema aliyemtangulia ametuharibu, akaturudisha kwenye alifu. Huyu alitaka tusome kwa kuimba, yule alitaka kimya, wa tatu alitupanga upya, wa nyuma mbele na wa mbele nyuma. Mwisho wa mwaka watoto wa chuo cha pili walikuwa wamemaliza juzuu ya Amma, na sisi tungali twababaika na irabu. Basi wazazi wetu walimtia nani bakora? Walitutia sisi. Mimi niliyekuwa nikisomeshwa mbele ya watu ndiye niliyeonekana mjinga, na hakuna aliyeuliza yale matatu yalikuwa yamenipitia vipi. Kila nimwonapo senta fowadi akizomewa nakumbuka makalio yangu.

Bao ni herufi ya mwisho ya neno refu. Beki asipojua kwamba hafubeki atakuwa wapi, na hafubeki asipojua kwamba winga atakimbia upande gani, mpira humfika mshambuliaji ukiwa umechelewa, naye amekwisha zungukwa na watu watatu. Kujuana huko hakununuliwi. Huja kwa kurudia jambo moja chini ya mtu mmoja siku nyingi mpaka miguu ijue bila ya kuuliza kichwa.

Wala nisiwadanganye kwamba zamani mabao yalimwagika kama mvua ya masika. Wazee hupenda kutia chumvi. Miaka ya 1981, 1982 na 1983 Harambee Stars walilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo. Fainali ya kwanza, Dar es Salaam, ilikuwa 1-0. Ya pili, Kampala, ilikuwa sare na kuamuliwa kwa penalti. Ya tatu, Nairobi, 1-0. Bao moja moja, kama haya ya CHAN! Lakini mwalimu alikuwa mmoja kwa miaka yote mitatu, Marshall Mulwa, na bao moja liliwatosha kwa kuwa kila mtu alijua mahali pake. Mara tatu tulizokwenda fainali za Afrika baadaye, 1988, 1990 na 1992, tulicheza mechi 8 tukapata bao 1. Na kila safari mwalimu alikuwa mwingine.

Nikayasema hayo, nikadhani nimeshinda. Ndipo mama mwenye kibanda, aliyekuwa kimya akipanga vikombe, akatukata sote. "Nyinyi mwalia chai haina sukari," akasema. "Sukari amenunua nani?"

Na hapo pana neno. Mwaka 2019 mdhamini, kampuni ya SportPesa, alijitoa, na mishahara ikakatika. Casa Mbungo aliondoka Desemba ya mwaka ule akiidai klabu. Madai yake na ya wachezaji kadhaa yakafika FIFA, na mwaka 2021 Leopards wakafungiwa kusajili wachezaji. Maana yake ni nini? Maana yake namba tisa mwenye mguu mzuri hakuweza kuletwa kwa sababu mtu aliyefanya kazi hakulipwa. Sisi ambao tumeusiwa juu ya ujira wa kibarua tangu tungali wadogo hatuhitaji kuambiwa uzito wa jambo hilo. Benchi zima la mashabiki lilikuwa likimtafuta mchawi wa mabao huko uwanjani, kumbe yumo ndani ya daftari la hesabu.

Sisemi mwalimu asiguswe. Wako wabovu, wako wavivu, na shabiki aliyelipa kiingilio ana haki ya kunung'unika mpaka afike nyumbani. Lakini Leopards ni timu ya wanachama. Wenye kukaa kwenye kibanda kile ndio wenye kupiga kura siku ya uchaguzi wa viongozi. Kwa nini siku hiyo asisimame mmoja akauliza: mkataba wa mwalimu ni wa miaka mingapi, mshahara wake watoka mfuko gani, na akifungwa mechi tatu ninyi viongozi mtamkinga au mtamtupa kwetu tumtafune? Swali hilo lina faida kuliko matusi mia. Na tukiwa hapo, lugha nayo itazamwe. Nilisikia kijana wa watu, mshambuliaji wa miaka ishirini na kitu, akitukanwa kwa mama yake na kwa kabila lake kwa sababu ya mpira uliopita juu ya mwamba. Washairi wa kwetu walitupiana maneno makali miaka na miaka, na kesho yake wakala sinia moja.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kushuka mjini, nilipita uwanja wa Kihumbuini, papo hapo Kangemi. Vumbi tupu. Vijana kama ishirini, mipira miwili, na mwalimu wao kijana aliyevaa suruali ya kazi. Alikuwa akiwafundisha jambo moja tu: winga akimbie, atie mpira, wa kati amalizie. Wakikosea hurudi mwanzo. Nilisimama karibu nusu saa, na muda wote ule hakubadilisha somo.

Nilimwuliza nani humlipa. Akacheka, akapuliza filimbi, wakarudi mwanzo.