Taarifa ya Habari Ina Wenyewe: Wito kwa Wakazi wa Mshangano na Manispaa ya Songea

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na pia kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Haki hiyo haiwezi kutimizwa na taarifa ya kitaifa ya saa mbili usiku peke yake, kwa kuwa chumba cha habari kilichoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, hakina nafasi ya kufuatilia bomba la maji la mtaa mmoja wala bajeti ya halmashauri moja. Kazi hiyo ni ya kituo cha televisheni cha mkoani, kiwe kinarusha matangazo yake kwa king'amuzi, kwa kebo au kwa intaneti. Kwa kuwa vituo vya aina hiyo huendeshwa kwa tabu kubwa, wito huu unawaelekea wakazi wa Mshangano, mojawapo ya kata 21 za Manispaa ya Songea, pamoja na majirani zao wa kata nyingine, washike nafasi yao katika kuiboresha taarifa ya habari badala ya kuinung'unikia majumbani.

Unyonge wa vituo vya mikoani una asili yake. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994, ndipo vituo vya watu binafsi, ITV kikiwamo, vilipoingia hewani. Tangu wakati huo fedha za matangazo ya biashara zimejikita Dar es Salaam, yaliko makao makuu ya kampuni za simu na ya benki nyingi. Mabadiliko ya kutoka analojia kwenda dijiti, yaliyoanza kwa kuzimwa kwa mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, yalitenganisha kazi mbili zilizokuwa moja: mwenye kituo huandaa vipindi, na kampuni nyingine yenye leseni ya kusafirisha mawimbi huvifikisha kwenye ving'amuzi kwa malipo. Kituo kidogo kikishalipia mitambo, umeme, mafuta na usafiri, kinachobaki kwa ajili ya waandishi ni haba, na ndiyo maana wengi wao ni waandishi wa kujitegemea, yaani watu wasio na mshahara, wanaolipwa kwa kila habari iliyotumika.

Mwandishi asiyelipiwa nauli na kituo chake huenda anakolipiwa nauli. Hapo ndipo ilipoota mizizi desturi ya bahasha, yaani fedha ambazo mwenye shughuli humpa mwandishi ili afike na kuripoti. Taarifa ya habari hujaa ufunguzi wa warsha, ziara za viongozi na hafla za makabidhiano, wakati jambo lisilo na mwenye kulilipia hubaki bila kamera. Tathmini za ubora wa vyombo vya habari zilizofanywa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2018, zimeonyesha kwamba habari nyingi huegemea chanzo kimoja. Habari ya namna hiyo humwonyesha msemaji mmoja, aghalabu kiongozi, bila mwananchi anayeguswa na jambo lenyewe kusikika na bila maelezo ya msemaji huyo kuhakikiwa.

Hasara yake katika mkoa wa Ruvuma inaonekana wazi. Mkoa huu, wenye watu zaidi ya milioni 1.8 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mahindi nchini, na msimu ukifika mkulima anahitaji kujua ni lini Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, atafungua kituo cha ununuzi, kwa bei gani, kwa masharti gani ya unyevu wa nafaka, na malipo huchukua siku ngapi. Ufuta, soya na mbaazi huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ambao mazao hukusanywa ghalani kupitia vyama vya ushirika vya msingi, mkulima akapewa hati, na wanunuzi wakashindana kwa mnada. Bei ya kila mnada, na makato yake, ni habari inayostahili kutangulia hotuba yoyote. Hali kadhalika kwa vyanzo vya maji vya milima ya Matogoro, kwa mbolea ya ruzuku na kwa migogoro ya viwanja katika kata zinazokua: wananchi wanahitaji ufuatiliaji, maana yake mwandishi arudi baada ya miezi kadhaa kuangalia kama kilichoahidiwa kimefanyika.

Nchi hii inayo historia ya umma kushirikiana na chombo cha utangazaji kwa manufaa yanayoonekana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania, vikiongozwa na watu takribani 75,000 waliopewa mafunzo. Kila kikundi kilisikiliza kipindi, kikajadiliana, kisha kikatoka kuchimba vyoo, kufyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu. Nguvu ya kampeni ile haikutoka kwenye mitambo ya redio pekee, bali kwa wasikilizaji waliojipanga.

Kwa msingi huo, wakazi wa Mshangano wanaombwa kuanza na mambo manne. La kwanza ni kuunda vikundi vya watazamaji katika mitaa, ambavyo vitatazama taarifa ya habari ya kituo cha mkoani, vitaandika ni nani aliyesikika na ni nani aliyeachwa, na vitapeleka kwa mhariri maoni pamoja na habari zinazofaa kufuatiliwa. La pili ni kuitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo humruhusu raia kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma na kuitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya siku 30. Nyaraka zitakazopatikana kwa njia hiyo zitampa mwandishi ushahidi ambao asingeweza kuugharamia. La tatu ni kwa vyama vya ushirika, SACCOS, shule na wafanyabiashara kununua muda wa matangazo katika kituo cha nyumbani, kwa sharti kwamba tangazo litangazwe kuwa ni tangazo, na kwamba mlipaji hapati mamlaka yoyote juu ya habari. La nne ni kuacha kutoa bahasha: anayeandaa shughuli atume mwaliko na maelezo kamili, kisha amwachie mhariri uamuzi.

Kituo nacho kina deni lake kwa umma. Kinapaswa kuhakikisha kila habari kubwa ina vyanzo visivyopungua viwili, kuhudhuria mikutano ya baraza la madiwani kwa gharama yake, kusahihisha makosa hadharani, na kumlipa mwandishi nauli kabla ya kumpa ratiba. Klabu ya waandishi wa habari ya mkoa inaweza kuwa msimamizi wa ahadi hizo, kwa kuwa inawajua waandishi wenyewe na mazingira wanayofanyia kazi.

Hakuna kati ya mambo hayo linalohitaji kibali kipya wala mfadhili wa kutoka nje. Wenyeviti wa mitaa ya Mshangano waliweke suala hili katika ajenda ya mkutano ujao wa wakazi, vikundi viteuliwe siku hiyo hiyo, na barua ya kwanza ifike kwa mhariri kabla msimu wa ununuzi wa mahindi haujafunguliwa.