Mshipa Gani? Istilahi za Paja na Uhai wa Mgonjwa

Wanaisimu wenzangu hupenda kudai kwamba Kiswahili kinajitosheleza kwa istilahi. Nami nilidai hivyo hadi nilipoketi na jamaa zangu katika wodi moja karibu na mpaka wa Busia. Kijana wetu, mwendesha bodaboda (kazi ambayo jina lake lenyewe lilizaliwa mpakani hapa), alikuwa amevunjika paja. Tabibu akasema, "Mshipa umeguswa, tutampasua." Shangazi akaelewa ngiri, mjomba akaelewa neva, akahofia kijana atapooza. Tabibu alikusudia ateri. Saini ilichelewa takriban saa nzima, na damu haingoji kamusi.

Ateri, vena na neva tunazo kamusini, ila zimebaki humo humo. Wodini lipo neno moja tu: mshipa.

Tatizo la pili ni gumu zaidi: miili haifanani. Ateri kuu ya paja huingilia kwenye kinena, na sentimita chache chini yake hutoa ateri ya kina, ilishayo misuli na mfupa wa paja. Kwa kawaida hiyo ya kina ndiyo itoayo tawi lizungukalo upande wa nje wa mfupa. Kwa kawaida tu! Kwa baadhi ya watu tawi hilo huchomoza moja kwa moja kutoka ateri kuu. Wanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliichunguza tofauti hii miongoni mwa Wakenya, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Mpasuaji asiyeitarajia aweza kukata mshipa asioukusudia (naam, nimeteleza: ateri).

Basi aundaye istilahi kwa kutaja chanzo, tuseme "tawi la nje la ateri ya kina", amesema uongo kuhusu baadhi ya wagonjwa. Kilatini kiliita ateri hiyo kwa mwendo wake, yaani kuzunguka, na jina hubaki sahihi popote inapoanzia. Napendekeza *ateri zungukaji ya nje*. Halipendezi sikioni, nakiri. Wahadhiri na walikosoe.

Lakini kabla ya kulijadili kongamanoni, twendeni Busia na Malaba, ambako Mteso, Msamia na Mganda hulazwa wodi moja na mara nyingi Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Tuwaulize wauguzi husema nini, na wagonjwa huelewa nini.