Ziwa Victoria: Ramani ya kompyuta haitoshi bila kupima kina

FEBRUARI, 2023, meli ya MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200, ilishushwa majini jijini Mwanza. Katika shamrashamra zile swali moja halikupewa nafasi kubwa: meli ya ukubwa huo ipite wapi?

Ramani za kwanza za kibaharia za Ziwa Victoria zilitokana na kazi ya ofisa wa majini wa Uingereza, Whitehouse, aliyeanza kulipima mwishoni mwa karne ya 19. Enzi hizo kina kilipimwa kwa bildi, nukta moja baada ya nyingine, na baina ya nukta mbili mwamba uliweza kujificha.

Leo Mfumo wa Taarifa za Kijiografia huunganisha namba za ramani hizo kongwe, vipimo vya sauti vilivyochukuliwa na watafiti wa samaki, na picha za setilaiti zinazoonyesha magugumaji yalipotanda. Kompyuta ikielezwa kina ambacho chombo kinahitaji, huonyesha pa kupita na pa kukwepa.

Hata hivyo, uso wa ziwa hautulii. Kati ya ukame wa 2006 na mafuriko ya Mei, 2020, maji yalipanda kwa karibu mita tatu. Kina kilichoandikwa pasipo kueleza siku hiyo maji yalikuwa usawa gani kinaweza kumpotosha nahodha kabisa. Isitoshe, palipo na pengo kompyuta hukisia, na makisio hayo hupakwa rangi ileile ya buluu iliyopakwa palipopimwa. Nao watafiti wa samaki hawakuwa wakitafuta njia za meli. Maji mafupi ya kandokando, ambamo ndimo gati zilimo, hayakuwa shabaha yao.

Isidhaniwe kwamba ramani bora ingewaokoa abiria wa MV Bukoba mwaka 1996, au wale wa MV Nyerere mwaka 2018. Huko kilio kikubwa kilikuwa vyombo kujazwa kupita kiasi.

Lakini kwa meli kubwa zinazokuja, Tanzania, Kenya na Uganda zinapaswa kukubaliana usawa mmoja wa kupimia, kisha fedha zianze na boti za upimaji kabla ya programu za kompyuta. Mahali pa kuanzia panajulikana: mita mia chache za mwisho kabla ya kila gati.