Sakafu ya Barafu, Jiko Chumbani

Kama uko Dar na feni inakupepea, hongera zako. Mada ya mwezi huu ni ya sisi wa Arusha, tunaoamka Julai, tukakanyaga vigae, tukaruka kama tumekanyaga msumari! Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgongoni tumebeba Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanaweza kukaa siku nzima, na usiku joto likashuka mpaka nyuzi 10 hivi. Ukipanda Ilboru au Olmotonyi ndiyo usiseme.

Na baridi hii, jamani, inaingia mpaka kwenye ndoa. Baba anataka hita, mama anaitazama LUKU, mtoto anatambaa kwenye vigae huku pua zinachuruzika. Kila mmoja anamnunia mwenzake.

Wanaojenga siku hizi wananiuliza kuhusu sakafu ya kupasha moto, ile ya nyaya au mabomba ya maji ya moto yanayolazwa chini ya vigae. Ni kitu kizuri, na Wakorea wanapasha sakafu zao tangu enzi za mababu. Ila piga hesabu kwanza. Nyaya zinaweza kula wati 150 kwa kila mita ya mraba. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni wati 3,000; ukiwasha saa nne tu kwa nguvu zote, uniti 12 zimekwenda. Na kama fundi hakulaza tabaka la kuzuia joto chini ya nyaya, joto jingi linazama ardhini. Hapo unawapashia mchwa!

Kama tayari unayo na haikolei, usikimbilie kubomoa. Ondoa kapeti nene juu yake, maana linazuia joto kupanda. Iwashe mapema kabla ya jioni, kwa sababu zege huchelewa kupata moto. Kisha mwite fundi umeme apime nyaya na kidhibiti joto.

Sisi wengine tusio na nyaya tufanyeje? Kwanza tuelewe adui. Kigae na ubao vilivyo chumba kimoja vina baridi ile ile, ila kigae kinanyonya joto la mguu haraka zaidi. Dawa ni kuweka kitu katikati: tandika mkeka, juu yake zulia, hasa pale mtoto anapotambaa na pale mnaposhukia kitandani. Zulia la mtumba linatosha kabisa. Weka nguo iliyoviringishwa chini ya mlango. Pazia zito lifungwe jua likizama, lifunguliwe likichomoza. Kama bati liko wazi, hela ya kwanza ipeleke kwenye silingi, maana joto linapotelea juu. Lakini yale matundu ya hewa ya ukutani usiyazibe hata siku moja.

Kwa nini nasisitiza matundu? Kwa sababu ya jiko la mkaa.

Juni mwaka jana nilikwenda Sakina kumwona shosti wangu aliyejifungua. Chumba kimefungwa kote, jiko limekolea pembeni ya kitanda, na mama mkwe kakaa kwenye kigoda analinda moto. Shosti akaninong'oneza, "Kichwa kinanigonga tangu asubuhi, tumbo linachafuka. Lakini nitamwambiaje mama?"

Mpenzi msomaji, hizo ndizo dalili zenyewe. Mkaa unaowaka hutoa sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa uliokolea bila moshi unaitoa vile vile. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, unalegea, unasinzia, na wapo ambao hawakuamka tena. Mjamzito akiivuta, inamfikia na mtoto aliye tumboni. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje, mkimbize hospitali.

Nilifungua dirisha, nikamsalimia mama shikamoo, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, sisi tumewalea wote hivi hivi na moto ndani." Na kweli hakudanganya. Nikamjibu, "Mama, ile nyumba yenu ya nyasi ilikuwa inapumua. Moshi ulipenya paani. Hii ya mwanao ina bati, silingi na vioo vya alumini. Hewa itokee wapi?" Alinyamaza. Akalitazama jiko, akamtazama mjukuu.

Jioni mume aliporudi, yeye ndiye aliyezungumza na mama yake kwa upole, na ndivyo inavyotakiwa. Kaka zangu, msimwachie mkeo aliye kitandani vita ya kubishana na mama mkwe. Atageuka mkwe mwenye kiburi kwa kosa la kutaka kupumua. Ni mama yako, sema naye wewe.

Jiko likahamia uani. Mama hakunyang'anywa kazi: huko anachemsha maji ya kumkandia mzazi, anapika mtori, anajaza chupa za maji ya moto. Chupa inaviringishwa kitambaa, inapasha kitanda kwanza, inatolewa kabla mtoto hajalazwa. Mtoto avae soksi na kofia akiwa macho. Mzazi apate blanketi, na mume alale karibu, huyo ni hita isiyotumia LUKU!

Kabla hujalala leo, kagua: je, kuna jiko ndani? Litoe, hata kama majivu yameufunika moto, hata kama nje kuna manyunyu. Zulia utanunua mwisho wa mwezi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akijalia.