Utawala wa Mobutu ulianza kuanguka Ntoto, si Kinshasa

MASISI NA WALIKALE – Kila tarehe 17 Mei inapokaribia, mazungumzo ya zamani yanarudi, iwe kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, iwe kwenye baraza za maduka. Mzee mmoja anasema wakati wa Mobutu watu walilala milango wazi. Mwingine anaongeza kwamba mtu aliweza kutoka Sake hadi Walikale na mzigo wake bila woga. Vijana, ambao hawajaona mwaka hata mmoja bila bunduki, wanatikisa kichwa kukubali. Wanaanza kuamini kwamba kinachokosekana ni kiongozi mwenye mkono wa chuma.

Ni vigumu kumlaumu mtu aliyekimbia nyumba yake mara tano kwa kutamani zamani. Lakini kumbukumbu hiyo imeruka miaka. Vita ambavyo wakaaji wa Masisi na Walikale wanavikimbia havikuanza baada ya Mobutu kuondoka. Vilianza akiwa bado madarakani, na utawala wake ndio uliovilea.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Alikuwa ametawala tangu 24 Novemba 1965. Vita baridi vilikuwa vinaisha na marafiki zake wa Ulaya na Marekani hawakumhitaji tena kama zamani. Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulifunguliwa, na raia wakaanza kusema hadharani mambo waliyokuwa wakinong'onezana. Mwezi wa Septemba mwaka huo, askari wasiolipwa vizuri walipora Kinshasa na miji mingine. Januari 1993 walipora tena, baada ya kulipwa kwa noti za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa.

Utawala uliofika hapo hauwezi tena kulipa wala kushawishi. Unabaki na silaha moja: kuwagawanya watu, ili wagombane wao kwa wao badala ya kuuliza hesabu.

Kivu ya Kaskazini ilikuwa na kuni zilizokauka tayari. Tangu 1937 Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Gishari, katika milima ya Masisi, bila kuwauliza kwa dhati wenyeji Wahunde. Mwaka 1972 Mobutu aliwapa uraia kwa jumla watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliofika Kivu kabla ya 1950. Mwaka 1981 sheria nyingine ikaufuta, ikadai mtu athibitishe kwamba mababu zake walikuwa hapa mwaka 1885. Nani katika milima hii ana karatasi ya mwaka huo? Kwa mkono mmoja dola ilitoa, kwa mkono mwingine ikapokonya. Kila upande ukabaki na hofu: huyu anaogopa kunyang'anywa uraia, yule anaogopa kunyang'anywa udongo wa mababu.

Na udongo wenyewe? Sheria ya 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya dola. Mashamba ya mkulima wa kijijini, yale anayolima kwa ruhusa ya mwami, yaliachwa yasubiri maandishi maalum ya rais. Maandishi hayo hayakutoka katika miaka yote ya Mobutu. Kilichotoka ni hati za mashamba makubwa ya ng'ombe kwa watu walio karibu na wakubwa. Mhunde maskini na Mhutu maskini, wote wawili, walisukumwa pembeni ya kilima. Kisha wakaambiwa kwamba adui ni jirani.

Demokrasia ilipotangazwa, swali la nani atapiga kura likawa swali la nani atatawala. Wanasiasa walizunguka vijijini na maneno ya sumu. Tarehe 20 Machi 1993, siku ya soko kule Ntoto, wilaya ya Walikale, vijana wenye silaha waliwavamia wakulima Wanyarwanda. Kwa siku chache moto ukavuka hadi Masisi, na upande wa pili nao ukalipiza. Maelfu waliuawa, Wahutu, Watutsi, Wahunde na Wanyanga. Wengine zaidi ya laki mbili walihama makwao.

Dola ilikuwa wapi? Mobutu alituma kikosi chake maalum, DSP, mwezi wa Julai, miezi minne baada ya Ntoto. Utulivu mdogo ulioonekana kuelekea 1994 ulitokana pia na wakuu wa kimila, makanisa na shirika la raia walioketi pamoja. Hilo nalo halisemwi sana na wale wanaotamani mkono wa chuma.

Kisha Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, pamoja na jeshi lililoshindwa na waliofanya mauaji ya kimbari. Masisi ikawaka upya. Mei 1996 watu waliokuwa wamejificha katika monasteri ya Mokoto waliuawa. Jeshi lilileta operesheni iliyoitwa Kimia, neno la Kilingala lenye maana ya utulivu. Utulivu haukuja. Tarehe 1 Novemba 1996 Goma ilianguka mikononi mwa AFDL na jeshi la Rwanda. Msitu wa Walikale ukawa njia ya wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifukuzwa kuelekea Tingi-Tingi, na wengi waliuawa njiani. Kisangani ilifuata Machi 1997, Kinshasa tarehe 17 Mei. Mobutu alifia Rabat tarehe 7 Septemba mwaka huo.

Kuna tawala za kidikteta zilizoanguka kwa namna nyingine. Ureno iliishi chini ya udikteta tangu 1926, chini ya Salazar kwa miaka mingi na baadaye Caetano. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa waliochoshwa na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau waliuangusha kwa siku moja, na raia wa Lisbon wakachomeka maua kwenye mitutu ya bunduki. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, Wareno walipiga kura. Si kwamba wao ni wema kuliko Wakongomani. Jeshi lao lilikuwa bado linasimama pamoja, na anayepiga kura hakuulizwa babu yake alikuwa kilima gani mwaka 1885. Mobutu alikuwa amehakikisha kwamba Zaire haina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Ndiyo maana kubadilisha bendera juu ya ofisi ya wilaya hakujatosha. Masisi-Centre ilitekwa na M23 Januari 2025, Walikale-Centre Machi mwaka huo huo, kisha waasi wakaondoka Walikale Aprili. Kila anayeingia anaahidi usalama. Mkulima anayerudi shambani anauliza swali lile lile la 1993: nani atatambua kwamba hapa ni kwangu?

Sheria ya uraia ya 2004 ilisogeza mambo mbele, lakini sheria iliyo kwenye karatasi huko Kinshasa haimlindi mtu barabarani ikiwa hana kitambulisho cha kudumu mfukoni. Kinachotakiwa kinajulikana: kitambulisho kwa kila raia, shamba la kijijini lililoandikwa mbele ya majirani, askari anayelipwa mwisho wa mwezi, na mahakama kwa mwanasiasa anayepanda chuki kabla damu haijamwagika.

Wazee wana haki ya kulilia miaka ya ujana wao. Ila wawaambie vijana habari yote. Wawasimulie na Ntoto pia: siku ya soko, watu walipokwenda kuuza ndizi na kurudi wakibebwa, wakati mwenye mkono wa chuma alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake.