Mtoto Aguse, Ndipo Ajue

Leo nataka tuzungumze, bila ya kuoneana haya, juu ya ziara za masomo katika shule zetu za msingi. Barua huja nyumbani katikati ya muhula: watoto wanakwenda Mombasa, au Nairobi, au Nakuru, na kila mzazi anaombwa kutoa kiasi fulani kabla ya Ijumaa. Mwenye nacho hutoa. Asiye nacho humwambia mwanawe angoje mwaka ujao, hali akijua kuwa mwaka ujao hautakuwa na tofauti. Siku ikifika, basi la manjano huondoka alfajiri, na wale ambao majina yao hayakusomwa hubaki darasani wakiambiwa wasome kimya.

Nasema wazi kwamba ziara ya namna hiyo ina ila mbili. Ya kwanza ni kuwa inawagawa watoto wa darasa moja kwa kipimo cha mifuko ya wazazi wao, na mtoto wa miaka tisa hasahau siku aliyosimama akilitazama basi likiondoka. Ya pili ni kuwa hata hao waliokwenda, mara nyingi hurudi kama walivyokwenda.

Nenda Fort Jesus siku ya ziara ujionee. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni kitabu kizima kilichoandikwa kwa mawe. Lakini utawaona watoto mia wakipitishwa mstari mmoja, mbio mbio, kwa kuwa ratiba bado ina bandari, ina ufuo wa bahari na ina chakula cha mchana. Anayetaka kusimama huhimizwa. Anayeuliza swali huambiwa ataulizia ndani ya basi. Kesho yake wote huandika insha moja: tuliamka mapema, tulifurahi sana, tulirudi tumechoka.

Sisemi ziara hizo zifutwe. Mtoto wa bara anayo haki ya kuiona bahari, na wa pwani kuliona Bonde la Ufa. Ninalopinga ni ile dhana kwamba elimu ya vitendo iko mbali, ni ya kufuatwa kwa gari na fedha, na kwamba pale mtoto anapoishi hapana cha kumfunza. Dhana hiyo hatukuirithi kwa wazee wetu.

Kule Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wameunda majahazi vizazi kwa vizazi bila ya mchoro wa karatasi. Kipimo kimo jichoni na mkononi. Mwanagenzi hakupewa daftari. Alipewa ubao aushike, kamba aivute, nyufa azikalafati kwa pamba. Na akikosea, maji yenyewe yalimwonyesha kosa lake. Ukiona vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga, nao walikuwa watu waliouona uundaji kwa macho yao. Watoto wetu leo huutia msemo huo katika insha ili wapate alama, na wengi wao hawajaona kitu chochote kikiundwa.

Nitoe mfano wa somo moja lisilohitaji basi. Mwalimu wa Lamu na awachukue watoto wa Gredi ya 4 kwa miguu hadi katika nyumba moja ya kale ya mawe, kwa idhini ya mwenyewe, wapime upana wa chumba kwa mikono yao. Wataona mambo mawili. Kwanza, kila mtoto atapata hesabu yake, kwa kuwa mkono wa huyu ni mfupi kuliko wa yule. Hapo wataelewa, bila ya kukaririshwa, kwa nini watu walihitaji kukubaliana juu ya kipimo kimoja, na mwalimu atapata nafasi ya kuwatajia shibiri, dhiraa na pima, vipimo vya babu zao kabla ya mita. Pili, wataona kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ni kama mita tatu au chini ya hapo. Kwa nini? Mwalimu asijibu. Awaambie watazame juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazina urefu wa kubeba mawe na chokaa juu ya chumba kipana zaidi. Kumbe mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa nyumba ya tajiri! Kwa saa moja hesabu, sayansi, historia na Kiswahili vimekutana chini ya dari moja, na hapana mzazi aliyeombwa shilingi.

Mtoto wa Nairobi naye asidhani amenyimwa. Kamukunji nyundo hazinyamazi kutwa. Pale hutengenezwa masanduku ya bati ambayo wanafunzi huyabeba kwenda shule za bweni. Mtoto akimtazama fundi akichora juu ya bati tambarare, akikata pembe, kisha akikunja mpaka sanduku likasimama, amekwisha kuona jinsi umbo bapa linavyopata ujazo. Akirudi darasani apewe kadibodi na mkasi, ajaribu mwenyewe. Aulize pia juu ya lile jiko la makaa lililoenea tangu miaka ya 1980: kwa nini ndani ya bati mna udongo uliochomwa? Ataambiwa kuwa udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, na hivyo makaa hupungua matumizi. Hiyo ni sayansi, tena ya jikoni kwa mamake.

Kisii kuna wachongaji wa mawe ya sabuni pale Tabaka. Ukambani kuna kina mama wasukao viondo, wakianzia kitakoni na kupanda juu kwa hesabu. Kila mtaa una mwalimu wa namna hiyo, ila sisi hatumwiti mwalimu.

Serikali haikulisahau jambo hili katika karatasi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulileta kilimo, sayansi kimu na kazi za mikono katika shule za msingi, na wazazi walichanga karakana zikajengwa. Lakini juu ya yote ulikaa mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kuchagua jibu kwa penseli. Penseli hiyo haikuweza kuipima mikono ya mtoto. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019, umerudisha vitendo mbele, na hilo ni jema. Hata hivyo twaona nini majumbani? Mtoto amepewa kazi ya kutengeneza kikapu. Saa nne za usiku baba ndiye anayekata na kugandisha, mama anahangaika madukani kutafuta karatasi ya manila, na mtoto amelala. Asubuhi kazi ya baba hupewa alama. Ni ila ile ile ya basi la manjano, imebadili nguo tu.

Najua walimu watanijibu kuwa darasa lina watoto sitini, barabara ni za hatari na saa ni chache. Ni kweli. Basi fundi naye aje shuleni. Aje na zana zake chini ya mwembe, watoto wagawanywe makundi, kila kundi lishike zamu. Wala asifanywe mtu wa kuombwa bure: alipwe kama anavyolipwa mwenye basi.

Mimi naomba matatu. Shule isipange ziara ambayo hata mtoto mmoja ataachwa kwa ajili ya fedha. Kazi ya mikono ifanywe darasani mbele ya mwalimu, kwa vitu vilivyo karibu: makuti, udongo, maganda ya mahindi. Na kila ziara, ya mbali au ya karibu, iwe na swali ambalo mtoto amekwenda kulitafutia jibu.

Ujuzi wa mikono haurithiwi kwa kusomewa. Fundi akiondoka duniani bila ya mtoto aliyepata kuzishika zana zake, hapana kitabu kitakachoturudishia ujuzi wake. Samaki mkunje angali mbichi, na mkono wa mtoto wa miaka tisa ungali mbichi.