Wameanguka Ili Tucheke, Kisha Tunawaita Wapuuzi



Wiki chache zilizopita nilimkuta mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni ana bandeji kidevuni. Nilipomuuliza alinyamaza, wenzake ndio waliosema. Walikuwa wanaigiza kipande cha zamani walichokiona kwenye simu ya kaka yake: mwanamke wa Kimarekani, picha isiyo na rangi, anateleza, anaanguka vibaya, halafu anainuka kana kwamba hakuna lililotokea. Kijana wetu naye akapanda juu ya benchi akateleza. Ila yeye hakuinuka namna ile. Alishonwa nyuzi tatu.

Nikamweleza mwalimu mwenzangu tulipokaa barazani baada ya Alasiri, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu. "Maalim, unahangaika bure. Yule mwanamke ni mpuuzi, anajiangusha tu watu wacheke. Anayemuiga mpuuzi atapata malipo ya upuuzi." Waliokuwepo wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya maneno yale machache mna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba anayeanguka kwa ustadi hana akili. La pili ni kudhani kwamba "anajiangusha tu", yaani ni jambo jepesi, hata wewe na mimi tunaliweza.

Nitangulize neno moja nisije nikaeleweka vibaya. Sizungumzii hapa mavazi ya waigizaji wala hukumu ya kukaa mbele ya televisheni. Hayo yana darsa zake na mashekhe wake. Mimi nazungumzia kazi, na mtu aliyeifanya, na sisi tuliocheka.

Mwanamke wa kwenye kile kipande ni Lucille Ball. Mchezo wake wa vichekesho, I Love Lucy, ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 15 Oktoba 1951, yeye akiwa na miaka 40. Hakuwa binti mdogo anayecheza. Nyuma yake alikuwa na miaka mingi katika filamu, na miongoni mwa waliomfundisha kucheka na vitu, yaani namna ya kulishika kofia, ngazi au kiti mpaka kikachekesha, alikuwemo Buster Keaton, yule bingwa wa kuanguka wa enzi za filamu zisizo na sauti. Mtu aliyesomea kuanguka kwa Keaton tunamwita mpuuzi?

Sasa tazameni kazi yenyewe ilivyokuwa. Mmoja wa waandishi wa mchezo ule alikuwa mwanamke, Madelyn Pugh. Kila walipobuni kitendo cha ajabu, yeye alikijaribu kwanza kwa mwili wake mwenyewe ili kuona kama mwanamke anaweza kukifanya. Siku moja walitaka Lucy aendeshe baiskeli ya gurudumu moja. Pugh akaipanda, akaenda nayo moja kwa moja mpaka ukutani, na kitendo kile kikafutwa. Ndugu yangu, mpuuzi hajaribu kwanza. Kilichosalia baada ya majaribio kiliandikwa hatua kwa hatua, kikafanyiwa mazoezi kwa siku kadhaa, kisha kikapigwa picha kwa kamera tatu mbele ya watazamaji wapatao 300 walioketi pale pale. Ukikosea, umekosea mbele ya watu.

Chukueni ile sehemu ya kiwanda cha chokoleti, iliyoonyeshwa tarehe 15 Septemba 1952. Nadhani ndiyo iliyotazamwa kuliko zote, hata watoto wetu wameiona bila kujua ni ya mwaka gani. Lucy na rafiki yake Ethel, aliyeigizwa na Vivian Vance, wamesimama mbele ya mkanda unaotembea. Chokoleti zinapita, kazi yao ni kuzifunga karatasi. Wameambiwa ikipita hata moja bila karatasi wanafukuzwa kazi. Mwanzo wanakwenda vizuri. Kisha mkanda unaongeza mwendo, nao wanaanza kuzificha: mdomoni, kwenye kofia, ndani ya nguo. Msimamizi anaingia, anaona mkanda mtupu, anadhani wamefanya kazi nzuri, anaamuru uongezwe mwendo zaidi.

Mtoto anaona mwanamke aliyejaza mashavu. Mimi nimeirudia ile sehemu mara nyingi kuliko inavyopasa mtu wa umri wangu, na ninachoona ni mikono minne inayokosea kwa mpangilio. Mmoja akiwahi kidogo, kicheko kimepotea. Na mpishi au mshonaji yeyote atakuambia kwamba kukosea kwa makusudi, kwa wakati uliopangwa, ni kugumu kuliko kupatia.

Katika sehemu hiyo hiyo, kabla ya mkanda, Lucy anakaa na mwanamke anayechovya chokoleti kwa mkono. Yule hakuwa mwigizaji. Alikuwa fundi wa kweli wa kuchovya chokoleti, aliyeletwa kwa kazi ile. Walitakiwa kupigana makofi. Katika mazoezi fundi yule alipiga polepole kwa haya, lakini kamera zilipoanza akalishusha kofi la haki. Lucille Ball alisimulia baadaye namna lilivyomuuma. Watu walicheka.

Mwaka 1956 ikaja sehemu ya Italia, Lucy anakanyaga zabibu ndani ya pipa kubwa na mwanamke mwingine, wanagombana, wanaangushana. Ball alisimulia pia kwamba mwenzake, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo, alimkandamiza kichwa chini ya zabibu mpaka pumzi ikamwishia. Watu walicheka tena.

Lakini lililonikaa moyoni ni la 1963, katika mchezo wake uliofuata, The Lucy Show. Lucy na Vivian wanajenga bafu la kuogea nyumbani. Wanafungiwa ndani, mlango haufunguki, maji yanapanda mpaka yanawazidi kimo. Chumba kile cha kioo kilijazwa maji kweli. Lucille akazama kama ilivyoandikwa, kisha akashindwa kujigeuza ili arudi juu. Hakuweza kupiga kelele, maana alikuwa chini ya maji. Mbele yake palikuwa na watazamaji, wapiga picha, mafundi wa taa, watu wenye macho yao, na wote walidhani ni sehemu ya mchezo. Aliyeelewa ni mmoja tu, Vivian Vance. Alimshika nywele akamvuta juu, kisha akaendelea kusema maneno ya mchezo, mpaka na ya mwenzake, ili Lucille apate kuvuta pumzi. Kamera hazikusimama, na kipande kile kilionyeshwa.

Mtu anazama, na ukumbi mzima unacheka. Si kwa ubaya wa moyo, la hasha. Walicheka kwa sababu walikwisha amini kwamba kinachofanywa pale ni upuuzi, na upuuzi hauna hatari. Ndiyo maana nasema neno la mwenzangu wa barazani si dogo. Neno hilo hilo ndilo lililowafumba macho watu waliokuwa umbali wa hatua chache.

Wenye studio nao walilitumia neno hilo kwa faida yao. Kwa miaka mingi, filamu na vipindi vya Marekani vilipohitaji mwanamke aanguke kutoka kwenye farasi au ngazini badala ya mwigizaji mkuu, aliitwa mwanamume, akavishwa wigi na gauni. Walisema ni hatari mno kwa wanawake. Chama cha wanaume wa vitendo vya hatari kilichoanzishwa 1961 hakikuwa na nafasi kwa wanawake, nao wakaunda chao mwaka 1967. Sasa nauliza: ikiwa ni hatari mno kwa mwanamke kulipwa kwa kuanguka, kwa nini haikuwa hatari mno kwa mwigizaji mwenyewe kuzamishwa majini ili watu wacheke? Hatari ilionekana pale penye ujira, ikatoweka pale penye kicheko.

Na hao waliopata kazi walikuwa na taabu ambayo wanaume hawakuijua. Mwanamume wa suruali na koti anaficha kigodoro mgongoni na magotini. Mwanamke wa gauni fupi atakificha wapi? Jeannie Epper, aliyefariki 2024, alikuwa akiruka na kuanguka badala ya Lynda Carter katika Wonder Woman, miaka ya 1970. Ule si mchezo wa vichekesho, lakini hebu mtazame vazi lile kisha useme kigodoro kingekaa wapi.

Najua nitajibiwa: "Maalim, walichagua wenyewe na wakalipwa." Hoja hii ina nusu ya ukweli, nami nitaipa haki yake. Lucille Ball hakuwa mtu wa kuonewa. Kampuni iliyotengeneza mchezo, Desilu, ilikuwa yake na mumewe Desi Arnaz. Baada ya kuachana kwao, mwaka 1962 alinunua fungu la Arnaz akawa mkuu wa kampuni nzima, na ni Desilu iliyoanzisha Star Trek mwaka 1966. Yaani yule "mpuuzi" aliyejaza chokoleti mdomoni ndiye aliyekuwa akisaini hundi za watu. Alipopata mimba mwaka 1952, mimba ikaandikwa ndani ya mchezo, ingawa neno lenyewe la mimba halikuruhusiwa kutamkwa hewani. Sehemu ya kujifungua ilionyeshwa tarehe 19 Januari 1953, siku ile ile aliyojifungua kweli. Hata alipovunjika mguu akiteleza kwenye theluji mwaka 1972, akiwa na miaka 60, waandishi waliubadilisha mchezo wake wa wakati huo, Here's Lucy, akaonekana na plasta yake. Huyo, sawa, alichagua.

Lakini si kila aliyeanguka alikuwa mwenye kampuni. Kuanzia 1976 Penny Marshall na Cindy Williams walicheza Laverne & Shirley, wanawake wawili wafanyakazi wa kiwandani, na mchezo ule ulisimama juu ya miili yao: kupigiza ukuta, kudondoka, kuburutana. Mwaka 1982 Williams alikuwa mjamzito. Alisema ratiba aliyopewa ilimtaka awepo kazini hata siku aliyotarajiwa kujifungua. Aliondoka, akaishtaki studio, na kesi ikamalizwa kwa maelewano nje ya mahakama. Miaka 30 imepita toka mimba ya Lucille, kazi ni ile ile ya kuanguka, na tofauti ni moja tu: huyu hakuwa mwenye mali. Nani atasema naye alichagua? Sote tumefundishwa habari ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake. Jasho la anayetuchekesha si maji.

Tuzo za Emmy zilianza kuwatambua waongozaji wa vitendo vya hatari mwaka 2002. Oscar walitangaza mwaka 2025 kwamba wataanza na filamu za 2027. Hivyo ndivyo ilivyochukua muda kwa wenye tasnia wenyewe kukiri kwamba ni kazi. Basi pengine simlaumu sana mwenzangu.

Ninaowalaumu ni sisi wazazi. Siku hizi kijana haoni mchezo mzima wa nusu saa. Anaona sekunde kumi: kuteleza, kudondoka, kicheko. Mazoezi ya wiki hayamo. Pugh na ukuta wake hayumo. Vivian Vance hayumo. Halafu tunawapa simu, nao wanapigana picha wakiruka kutoka barazani, na mzazi aliyepo anashika simu vizuri zaidi ili kipande kitoke safi. Nimeona baba akimpiga picha mwanawe anayelia kweli, na anasema "mwache, anaigiza". Alikuwa ameteguka kiwiko.

Yule mwanafunzi wa kidevu nilimkalisha baada ya darasa, na sikumgombeza. Nilimuuliza anadhani yule mama alijaribu mara ngapi kabla ya kuanguka vile. Akasema, "Mara moja, Ustadh, si anaanguka tu?" Nikamsimulia habari ya baiskeli ya gurudumu moja. Alicheka sana, kisha akashika bandeji yake, kisha akauliza kama yule mwandishi aliumia.

Kuhusu mwenzangu wa barazani, bado anasema ni upuuzi. Nimemuomba jambo moja: aitazame ile sehemu ya bafu, asimwangalie Lucille, aiangalie mikono ya Vivian Vance.